Usukani Umekaa Pembe: Kisa cha Kosa la Nyuma Lililofichwa Mbele

Kisa hiki kimetoka gereji moja ya Mombasa ninamofanya kazi. Nimeondoa majina, namba za gari na mitaa ambayo ingemtambulisha mtu. Mwenye gari ameridhia kiandikwe. Gereji mbili zilizolishika gari kabla yetu sizitaji, na sina ugomvi nazo. Moja yao ilifanya kazi ambayo kwenye karatasi haina kosa hata moja.

Gari na mwenyewe

Gari ni Toyota ya stesheni wagoni, la mtumba kutoka Japani, linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele. Nyuma magurudumu hayajitegemei. Yameunganishwa na bimu moja ya chuma, na bimu hiyo haina bolti yoyote ya kurekebishia mwelekeo wa gurudumu. Ilivyotoka kiwandani ndivyo ilivyo, ikipinda, imepinda.

Mwenyewe ni dereva wa teksi za kuitwa kwa simu. Kutwa yuko Nyali, Bamburi na mjini, na mara mojamoja huvuka feri ya Likoni kupeleka wageni Diani. Gari kwake ndilo shamba. Likilala gereji, nyumbani hakuliki vizuri, na jambo hilo lilichangia maamuzi yake mengi.

Lilivyoanza

Ulikuwa msimu wa masika, jioni, barabara imejaa maji. Tuktuk ilikata mbele yake bila ishara. Alikanyaga breki akakwepa kushoto, gari likateleza, na gurudumu la nyuma la kushoto likabamiza ukingo wa simiti kwa sehemu yake ya mbele. Tairi lilivimba ubavuni na rimu ikapinda. Alinunua tairi, akanyoosha rimu, akarudi kazini.

Kesho yake aliona kuwa akienda moja kwa moja, usukani umeinama kulia. Hakuumia roho sana, maana gari lilikuwa halivuti. Akiachia mikono kidogo kwenye barabara tupu, lilishika njia yake.

Hapa pana jambo ambalo wateja wengi hulichanganya, na mafundi pia. Gari kuvuta upande ni lalamiko moja, usukani kukaa pembe ni lingine. Gari likivuta, mtu huanza na upepo wa matairi, tairi lenyewe, breki iliyoshikana, au pembe za kusimama kwa magurudumu ya mbele. Usukani ukikaa pembe huku gari likienda sawa, maana yake ni kwamba magurudumu ya mbele yamepata njia yao, ila njia hiyo haiafikiani na mahali usukani ulipofungwa. Swali basi ni nani aliyehama: usukani, tairodi (fito zinazounganisha usukani na magurudumu ya mbele), au kitu kingine kinacholazimisha magurudumu ya mbele yageuke kidogo ndipo gari liende sawa.

Gereji ya kwanza

Alikwenda kupiga alainmenti, yaani kupimisha na kurekebisha mwelekeo wa magurudumu. Mashine ya pale ilipima magurudumu ya mbele peke yake. Ikaonyesha kuwa yamebanana mno kwa mbele, yaani ncha zake zinatazamana kupita kiasi. Kasoro hiyo huenda ilikuwepo hata kabla ya ajali, kwa sababu matairi ya mbele yalikuwa yameanza kulika pembeni kwa nje.

Dawa yake ni kurefusha au kufupisha tairodi mbili, ya kushoto na ya kulia, kwa kiasi kile kile. Lakini nati ya kufungia ya upande wa kulia iligoma. Pwani hii hewa ya chumvi haina huruma na chuma cha chini ya gari, na nati iliyokaa miaka bila kuguswa hushikana na uzi wake hadi ikawa kitu kimoja. Fundi alijaribu, akaona ataikata, akaiacha. Marekebisho yote akayafanya kwenye tairodi ya kushoto.

Kwa hesabu ya mashine, kazi ilikwisha: jumla ya mbele ikawa sawa, karatasi ikatoka na rangi ya kijani. Ila ukigeuza tairodi mbili kwa usawa, usukani haubanduki mahali pake. Ukigeuza moja tu, nusu ya marekebisho yako inahamia kwenye usukani. Kwenye magari madogo mengi usukani huzunguka takriban digrii 15 ili gurudumu ligeuke digrii 1. Gurudumu la kushoto lilisogezwa karibu digrii 0.4, nusu yake ni 0.2, na 0.2 mara 15 ni digrii 3 za usukani. Usukani uliokuwa umeinama digrii 6 hivi sasa ukainama 9.

Dereva aligundua kabla hajafika mbali, akarudi. Akaambiwa, “Utazoea tu, kaka, namba ziko sawa.” Na kweli namba zilizopimwa zilikuwa sawa.

Gereji ya pili

Huku hawakupima chochote. Walifungua kifuniko cha katikati ya usukani, wakatoa nati, wakauchomoa usukani kwenye shafti (fimbo yenye meno inayoushika) na kuurudisha jino moja kushoto. Shafti hii ina meno 36, kwa hiyo jino moja ni digrii 10. Digrii 9 za kulia zikageuka digrii 1 ya kushoto, pembe ambayo hakuna dereva anayeiona. Kazi ilimalizwa haraka na bei ilikuwa nafuu. Dereva alitoka akiwasifu, na kwa macho yake alikuwa na haki.

Betri haikufunguliwa wakati wa kazi hiyo, kwa maelezo ya dereva mwenyewe. Ndani ya usukani huo mna eabegi, begi la hewa la kumkinga dereva kwenye ajali. Utaratibu wa Toyota ni kufungua waya wa hasi wa betri na kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa, kwa sababu umeme unaobaki kwenye mfumo unaweza kulipua begi usoni mwa fundi. Nyuma ya usukani kuna pia waya mwembamba uliokunjwa kama utepe, unaopeleka umeme kwenye honi na begi. Ukizungushwa kiholela hukatika siku usukani unapokatwa hadi mwisho. Walinusurika.

Lilipofika kwetu

Alikuja kwetu kwa lalamiko jingine kabisa. Matairi mawili ya nyuma yalikuwa yanavuma, akadhani ni beringi. Fundi mkuu wetu, mzee aliyeanza kazi hii zama za magari ya kabureta, hakushika spana. Alichuchumaa nyuma ya gari akapitisha kiganja juu ya tairi, kutoka ndani kwenda nje, kisha kutoka nje kwenda ndani. Kwa mwelekeo mmoja mkono uliteleza, kwa mwelekeo wa pili ukakwaruzwa. Akaniita nami nipapase. Ukitoka ndani kwenda nje, kila tuta la mpira lilikuwa na makali kama msumeno mdogo. Hiyo ni dalili ya magurudumu yaliyobanana kwa mbele. Matairi yote mawili yalikuwa hivyo, kushoto na kulia, na kwa kiasi karibu sawa.

Kisha akakaa kwenye kiti cha dereva, akaushika usukani bila kuwasha gari.

“Mwanangu, usukani huu umewahi kuchomolewa?”

“Sijui mzee. Kule waliniambia wameurekebisha.”

“Waliurekebisha kwa kufungua wapi?”

Dereva akasita. “Hapa katikati, penye honi.”

Mzee akaomba utepe wa karatasi. Akaubandika juu kabisa ya usukani, akainua magurudumu ya mbele, akaukata usukani hadi mwisho kulia akihesabu mizunguko, halafu hadi mwisho kushoto. Usukani ulipowekwa wima, safari ya kulia ilikuwa fupi kuliko ya kushoto. Tofauti ilikuwa kama sentimita 6 ukipima ukingoni mwa usukani. Tulipofungua kifuniko, safari hii betri ikiwa imefunguliwa, alama ya kiwandani kwenye shafti na alama ya kwenye usukani hazikukutana. Zilipishana kwa jino moja.

Mpaka hapo tulikuwa na mambo mawili mkononi: usukani umehamishwa, na kuna kitu nyuma.

Kamba na vigoda

Kabla ya kwenda kwenye mashine, mzee alitaka kuona kwa macho. Tuliangalia upepo wa matairi, tukatikisa magurudumu kutafuta kulegea kwenye viungo vyake: boljointi, bushi za mpira na beringi. Beringi zilikuwa nzima. Mvumo ulitoka kwenye matairi yenyewe. Tukahamisha matairi ya nyuma kuyapeleka mbele, mvumo ukahamia mbele.

Kisha akatandika kamba ya waashi pande zote mbili za gari, juu ya vigoda vinne, kwa kimo cha katikati ya gurudumu. Kamba haziwekwi kwa kukisia. Umbali kutoka kamba hadi hubu (kitovu cha gurudumu) ya mbele kushoto lazima ulingane na wa mbele kulia, na nyuma vivyo hivyo, maana upana wa magurudumu ya mbele na ya nyuma mara nyingi haufanani. Zikishasimama, unapima kwa rula kutoka kamba hadi mdomo wa rimu, mbele yake na nyuma yake.

Gurudumu la nyuma kulia lilipishana milimita 1. La kushoto, kati ya 6 na 7, ncha ya mbele ikiwa imeingia ndani.

Nilimwona dereva akibadilika uso. Alikuwa amelipa pesa mbele, usukani umechomolewa mbele, na kumbe ugonjwa uko kwenye gurudumu lile lile alilobamiza.

Tukalipeleka gari kwenye mashine ya kupima magurudumu manne. Kwenye karatasi, nyuma kushoto ilisoma dakika 58 za kuingia ndani, nyuma kulia dakika 10. Dakika hapa ni kipimo cha pembe, si cha muda: digrii moja ni dakika 60. Tofauti ya pande mbili ni 48, na nusu yake, dakika 24, ndiyo pembe ambayo magurudumu ya nyuma yalikuwa yanasukuma gari kuelekea kulia ya mstari wake wa kati. Dakika 24 ni digrii 0.4. Ili gari lisizunguke, magurudumu ya mbele nayo yanalazimika kugeuka kulia digrii 0.4 hiyo hiyo. Izidishe kwa 15 na utapata digrii 6, yaani usukani ule ule aliouona asubuhi ya kwanza.

Karatasi ilieleza pia kwa nini matairi yote mawili yalikwaruza. Bodi ilikuwa inatembea kama kaa, pembe kidogo kwa njia, na kwa hivyo ubanano wote wa nyuma, dakika 68, ukagawanyika sawa kwa sawa: 34 kila tairi. Gurudumu zima lilikuwa linalipa deni la lililopinda. Mtu akiangalia ulaji wa matairi peke yake hatajua ni upande upi ulioumia. Na wale wanaosema waliliona gari likienda upande kwa macho wakiwa nyuma yake wananitia shaka: kwa gari la urefu huu, mita 2.6 kati ya ekseli, dakika 24 ni kama milimita 18 tu.

Maamuzi

Kwanza tulitaka kujua kilichopinda ni hubu au bimu. Hubu za gari hili zinafanana pande zote, kila moja imefungwa kwa bolti nne. Tukachomoa ya kushoto, tukaweka ya kulia mahali pake, tukapima tena. Kipimo hakikubadilika. Kwa hiyo ni bimu.

Njia zilikuwa nne. Ya kwanza ilikuwa kuielekeza mbele iifuate nyuma: mashine ya magurudumu manne inaweza kufanya hivyo, usukani ukanyooka, na gari likaendelea kutembea kikaa na kula matairi. Dereva aliipenda kwa sababu ya bei. Mzee alimwambia ataifanya akitaka, lakini akamhesabia matairi ya nyuma atakayonunua, na dereva akanyamaza. Ya pili ni kuweka kipande cha chuma chenye mteremko kati ya hubu na bimu. Ni njia halali, ila cha pembe tuliyoihitaji hatukukipata. Ya tatu ni kuipasha bimu moto na kuivuta kwa jeki. Hii mzee aliikataa bila mjadala. Bimu ya aina hii hujipinda na kurudi kila gurudumu moja linapopanda tuta; chuma kilichopashwa moto hupoteza ugumu wake, na hakuna anayejua kitakatika lini. Ya nne ni bimu ya mtumba kutoka Japani, na ndiyo tuliyoichukua. Tuliipima kwa kamba sakafuni kabla ya kulipa, muuzaji akituangalia kama wendawazimu.

Kazi yenyewe

Kufunga bimu si kazi ngumu, lakini ina mahali pamoja pa kuharibikia. Kijana wetu alikaza bolti za bushi za mbele gari likiwa limening'inia kwenye stendi. Mzee alimfanya azilegeze zote, akashusha gari likasimama kwa uzito wake, ndipo zikakazwa. Ukikaza likining'inia, mpira wa bushi unafungwa ukiwa umejisokota, na gari likishuka chini mpira huo unakaa kwenye mvutano saa zote mpaka upasuke.

Nati ya tairodi ya kulia tuliipaka mafuta ya kulainisha kutu tukaiacha ilale. Asubuhi ilizunguka robo, ikashika tena. Hatukuendelea kuibembeleza, tulibadilisha tairodi za nje pande zote mbili, maana ya kushoto nayo ilikuwa imeanza kulegea. Nyuzi mpya tukazipaka grisi.

Usukani ukarudishwa kwenye alama yake ya kiwandani kabla ya alainmenti, wala si baada yake. Raki, mtambo wa meno unaosukuma tairodi, ikawekwa katikati kwa kuhesabu mizunguko, usukani ukafungwa kwa kishikio usitikisike, mashine ikasoma nyuma kwanza, kisha mbele ikarekebishwa gurudumu kwa gurudumu.

Matokeo

Mwelekeo wa nyuma ulishuka kutoka dakika 24 hadi 2. Usukani ulisimama wima bila kuchomolewa tena. Mvumo haukuisha mara moja, kwa sababu matairi yaliyokwisha chongwa msumeno hayajinyooshi yenyewe. Ulipungua kadiri yalivyolika upya.

Siku chache baadaye dereva alipiga simu kwamba usukani umeanza tena, umeinama kidogo kulia akiwa barabara ya Malindi. Mzee alimwuliza yuko upande gani wa barabara, tukacheka. Barabara hujengwa na mgongo katikati ili maji yamwagike pembeni, nasi Kenya tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari siku zote liko kwenye mteremko wa kushoto na dereva hulizuia kwa kuupa usukani kulia kidogo. Kwenda na kurudi hakuondoi hali hiyo, maana ukigeuka bado uko kushoto kwako. Tulimpeleka kwenye uwanja mpana wa sakafu tambarare, usukani ukasimama wima.

Uchambuzi

Gereji ya kwanza ilishindwa kwa chombo na kwa nati. Mashine inayopima mbele peke yake haiwezi kuiona nyuma, na fundi anayeitumia anapaswa kumwuliza mteja kama gari limegonga kitu. Hakuulizwa, naye hakusema. Kuacha nati iliyoshikana ni uamuzi unaoeleweka, lakini mteja alipaswa kuambiwa kwamba marekebisho yameingia upande mmoja na usukani utahama.

Gereji ya pili ndiyo iliyoleta hasara kubwa zaidi, ingawa ndiyo iliyomfurahisha mteja. Pembe ya usukani ilikuwa ushahidi pekee ambao dereva angeweza kuuona, nao waliufuta. Kuanzia hapo gari lilikula matairi bila kulalamika. Kuchomoa usukani kuna nafasi yake moja: pale ambapo alama za kiwandani zinaonyesha kuwa mtu mwingine aliwahi kuuchomoa vibaya. Kwenye magari yenye mfumo wa kuzuia kuteleza hasara ingeweza kuwa zaidi, kwa sababu mara nyingi sensa ya kupima pembe ya usukani husoma shafti, si usukani wenyewe. Kompyuta ingeweza kuendelea kuambiwa gari linakata kona wakati linakwenda moja kwa moja.

Kwetu, kilichofanya kazi ni mpangilio: maswali, kiganja, mizunguko ya usukani, kamba, ndipo mashine. Kamba ilitupa jibu bila umeme. Lakini hatukuwa safi pia. Pale kwenye mashine ya magurudumu manne hatukumwagiza mwendeshaji atoe karatasi ya vipimo vya kabla, naye alishaweka spana kwenye tairodi ya kushoto mzee alipomzuia. Angegeuza, tungepoteza hesabu ya digrii 3 zilizotoka gereji ya kwanza, na kisa hiki kingekuwa na tundu.

Hesabu hizi zisichukuliwe zilivyo kwa kila gari. Gari lenye magurudumu ya nyuma yanayojitegemea mara nyingi lina bolti ya kurekebishia nyuma, na huko dakika 24 zinaweza kuisha kwa spana bila kununua bimu, mradi hakuna mkono uliopinda. Na gari lililoshushwa fremu ya mbele kwa ajili ya kazi ya giaboksi au raki linaweza kurudi na usukani umekaa pembe bila nyuma kuwa na kosa lolote, kwa sababu fremu imefungwa ikiwa imesogea milimita chache. Hapo kamba ianze mbele.